Nani Alibaki Darasani?

Januari 2019, wiki ya kwanza ya kidato cha nne, mwalimu mkuu wetu alitusimamisha paredi akiwa na karatasi mkononi. Matokeo ya KCSE ya waliotutangulia yalikuwa yametoka kabla ya Krismasi na sote tulishayajua, maana Isiolo ni mji mdogo na simu ni nyingi. Aliyasoma tu. Wastani wa shule akausoma mara mbili, ya pili polepole, kama mwenye duka anayekusomea deni lako mbele ya wateja. Kisha akaita majina kumi na moja. Langu halikuwemo. La rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, lilikuwa la nne.

"Hawa ndio watatuvuta chini mwaka huu," akasema.

Wale kumi na moja walipewa njia mbili: warudie kidato cha tatu, au wazazi wao watafute kituo kingine cha kuwasajili mtihani. Baba ya rafiki yangu alisafiri kutoka upande wa Merti, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi asubuhi nzima. Alipoingia akaambiwa, "Mzee, kijana wako ana nidhamu, shida ni kwamba hajui vitu." Mzee akajibu kwa Kiswahili chake cha mnadani: "Mwalimu, kama angekuwa anajua, mimi ningemleta hapa wa nini?"

Hilo swali halijajibiwa hadi leo. Naliandika sasa, Novemba 2025, watahiniwa wengine wakiwa kwenye vyumba vya mtihani, kwa sababu matokeo yao yakitoka tutaanza tena ule wimbo wa kila mwaka: shule fulani imeng'ara, shule fulani imelala, watoto wa Kaskazini hawapendi kusoma. Kabla hamjaanza kuimba, wacha niseme.

Shule nayoizungumzia ni ya umma, ya kutwa, mchanganyiko, kule kwetu Kiwanjani. Jina nitaliacha, kwa sababu sitaki mjadala uwe wa mwalimu mkuu mmoja. Kama hujawahi kufika, Kiwanjani ni mtaa wa Isiolo uliopata jina kwa kiwanja cha ndege. Leo kile kiwanja kinaitwa cha kimataifa, na njia yake ya ndege imevuka mpaka ikaingia kaunti ya Meru. Tulisoma jografia huku tukiangalia uwanja wa kimataifa dirishani. Maabara yetu ilikuwa na mabomba yasiyotoa gesi wala maji. Asidi tuliiona mwalimu akiishika mbele, sisi tukiwa nyuma tumepanda viti.

Sasa tuje kwa huu wastani. KCSE inatoa pointi kuanzia 12 kwa A hadi 1 kwa E. Jumlisha pointi za watahiniwa wote, gawanya kwa idadi yao, umepata wastani. Ni hesabu ya shule ya msingi na haina ubaya wowote. Ubaya uko kwa kile tunachodai imetuambia.

Chukua mfano huu. Shule ya kwanza ina watoto sitini, wote walipata zaidi ya alama 400 kwa KCPE. Miaka minne baadaye wanatoka na wastani wa 10, yaani B+. Shule ya pili ina watoto sitini walioingia na alama kati ya 150 na 250. Wanatoka na wastani wa 4, yaani D+. Shule gani imefundisha zaidi? Huwezi kujua. Wale wa kwanza walikuwa kati ya watoto bora wa nchi siku walipoingia langoni, kwa hiyo pengine shule haikuongeza kitu kikubwa. Wale wa pili pengine waliingia bila kuweza kusoma aya moja ya Kiingereza mpaka mwisho, na mtu akawasukuma mpaka D+. Wastani hauoni hilo. Kitu unachokiona vizuri kabisa ni nani aliruhusiwa kuingia.

Halafu fanya hesabu ya pili, ambayo ndiyo mwalimu mkuu wetu aliifanya. Hao sitini wa wastani wa 4 wana jumla ya pointi 240. Ondoa kumi na moja wanaotarajiwa kupata D-, yaani pointi 2 kila mmoja. Umeondoa pointi 22, zimebaki 218 kwa watoto 49. Wastani mpya ni 4.4 na ushee. Umepanda! Hakuna kipindi hata kimoja kilichoongezwa, hakuna kitabu kilichonunuliwa, hakuna mwalimu aliyeajiriwa. Watoto tu ndio wamepungua.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza kumrudisha mwanafunzi darasa au kumfukuza ovyo. Iko wazi. Lakini sheria haisimami paredi asubuhi. Anayesimama paredi ni mwalimu mkuu ambaye Januari ataitwa mkutanoni akaulizwa mbele ya wenzake kwa nini ameshuka. Serikali ilitangaza mwaka 2014 kwamba haitapanga tena shule kwa nafasi za kitaifa, na ilifanya vizuri. Ila mashindano hayakufa, yalihamia kwenye simu. Kila mwaka tunaona walimu wakuu wamebebwa juujuu na wazazi, vigelegele, ngoma, keki. Tunataka wasicheze mchezo ambao sisi wenyewe tunawashangilia?

Mwaka wetu wastani ulipanda. Kulikuwa na soda. Nilikunywa, na nilicheza. Nakubali hilo mapema kabla hujaniuliza.

Wacha nikwambie darasa letu lilikuwa la nani. Kulikuwa na Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru, Wasamburu, na wawili watatu ambao wazazi wao walikuja na kazi ya serikali wakasahau kurudi kwao. Nyumbani kila mtu ana lugha yake. Barabarani sote ni Kiswahili. Karatasi ya mtihani ni Kiingereza. Mtoto wa Oldonyiro anayejibu swali la biolojia anafanya tafsiri mbili kabla hajashika kalamu, kisha tunampima kwa saa ileile na yule ambaye mama yake alimsomea hadithi za Kiingereza akiwa tumboni.

Kulikuwa na wenzetu waliokuwa wakiishi peke yao. Hili watu wa Nairobi huwa hawaliamini. Shule ni ya kutwa lakini nyumbani ni mbali, huko malishoni, kwa hiyo mzazi anakupangia chumba cha mabati Kiwanjani, anakuachia unga na pesa kidogo, anaondoka na mifugo. Uko na miaka kumi na tano na wewe ndiye mwenye nyumba. Unapika, unafua, unakwepa mwenye ploti. Ukiugua, jirani akijua ni bahati. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akiishi hivyo na wadogo zake wawili. Akichelewa shuleni alikuwa anapigishwa magoti getini kama mtu aliyechelewa kwa kulala.

Kulikuwa na wale waliozeeka kidogo, walioanza shule wakiwa na miaka kumi kwa sababu kabla ya hapo walikuwa na kazi, kuchunga. Kulikuwa na mama wa mtoto mmoja aliyerudi kidato cha pili, akavumilia vicheko mpaka vikaisha. Na kulikuwa na viti vilivyokuwa vinabaki wazi. Kidato cha kwanza wasichana walijaa safu za mbele. Kufikia cha nne nafasi zilikuwa nyingi, na hakuna aliyeitwa paredi kuelezwa walienda wapi.

Rafiki yangu ndiye alinifundisha hesabu. Sitanii. Alikuwa ameuza mbuzi mnadani na baba yake tangu akiwa mdogo, na asilimia alikuwa anazipiga kichwani mimi nikitafuta kikokotoo. Lakini 2017, tukiwa kidato cha pili, ukame ulikuwa mkali mpaka Februari ile Rais akautangaza janga la kitaifa. Baba yake alimhitaji. Alikosa karibu muhula mzima akihamisha ng'ombe, na aliporudi ng'ombe walikuwa wachache na kemia ilikuwa imeenda mbali. Hakuna mtu aliyemkalisha chini akamwambia hapa ndipo tulipofika, njoo nikushike mkono. Mwalimu wa kemia mwenyewe alikuwa wa BOM, analipwa na michango ya wazazi wakipatikana, na muhula huo naye aliondoka.

Huyo ndiye "hajui vitu".

Kuna watu wakisikia hivi husema: "Haya, mmeanza visingizio. Umaskini uko kila mahali." Ni kweli uko kila mahali. Lakini umaskini wetu una tarehe na sahihi. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, ule wa ujamaa wa Kiafrika, na ndani yake ikasema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozalisha zaidi: ardhi nzuri, mvua, reli, barabara. Kwa lugha ya mtaa, aliye nacho aongezewe. Huku kwetu wakati huo ilikuwa vita vya Shifta, sheria za hali ya hatari, watu wanakusanywa kambini na mifugo inakufa. Hizo sheria maalum za Kaskazini zilifutwa mwaka 1991. Wazee wetu walikuwa wakipanda gari kwenda Nairobi wanasema wanaenda Kenya, na hawakuwa wanafanya utani. Kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo. Ukitaka kwenda mbele, vumbi na Mungu.

Katiba ya 2010 ilikubali kosa hilo. Kifungu cha 204 kikaunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Isiolo iko kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotengwa. Kwa hiyo serikali inajua. Imeandika. Halafu Januari ikifika inatoa karatasi moja kwa watoto wote na kutangaza nani ni mwerevu.

Tuangalie pesa pia, maana hapo ndipo maneno huisha. Kwa miaka kadhaa mgao wa elimu ya sekondari umekuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Yule wa shule ya kitaifa anahesabiwa kiasi hicho na yule wa Kiwanjani kiasi hichohicho. Inaonekana ni haki kabisa, mpaka ukumbuke kwamba wa bweni la kitaifa mzazi anaongeza karo, iliyowekewa kikomo cha 53,554, na juu ya hapo kuna maabara iliyojengwa zamani, basi, maktaba, na wazee wa shule ambao sasa ni mawakili. Shule ya kutwa yenye watoto wachache inapata mgao mdogo kwa sababu vichwa ni vichache, ilhali maabara moja bei yake ni ileile. Na hata hizo 22,244, Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kuzibeba zote, inaweza kama 16,900. Shule yenye wazazi wa kuitwa itawaita. Ya kwetu itamwita nani, mzee aliye Merti?

Sasa nitasema yetu sisi, maana nikisingizia Nairobi peke yake nitakuwa mwongo.

Walimu wengine walikuwa wanatoroka. Vipindi vya Ijumaa mchana vilikuwa hadithi. Na sisi wanafunzi hatukuwa malaika bana. Kidato cha tatu nilikuwa natafuna miraa nyuma ya shule, na usiku wa kusoma niliutumia kubishana mpira. Nilipata B. Rafiki yangu hakuwahi kutafuna. Kama bidii ndiyo inayopimwa, mtu anieleze hapo.

Na wenye uwezo wa Isiolo ndio walioturuka kwanza. Mwajiriwa wa kaunti, mfanyabiashara, kiongozi anayepiga makelele kwenye harambee kwamba tuinue elimu ya nyumbani, wote watoto wao wako Meru, Nanyuki, Nairobi. Siwalaumu kama wazazi, hata mimi ningefanya hivyo. Nawalaumu wanaporudi kutukemea. Ukiondoa watoto wa wenye sauti shuleni, umeondoa sauti pia. Hakuna mzazi atakayempigia mkurugenzi simu kuuliza mwalimu wa fizikia yuko wapi. Hata basari zina macho. Nilipoenda ofisi moja kuomba, niliulizwa kwanza niko shule gani. Nilipotaja ya kutwa, yule afisa akacheka kidogo: "Si hiyo ni ya bure, kijana?" Ni ya bure kama chumba cha mabati ni cha bure, na unga.

Kuna hoja moja ambayo naiheshimu. Mwalimu mmoja aliyenifundisha, na bado tunasalimiana, huniambia: "Ukiondoa wastani, utawabana vipi walimu wavivu? Mtoto wa maskini ndiye anaumia kusipokuwa na kipimo." Ana maana. Sitaki tuishi bila kipimo. Nataka kipimo kinachoona. Alama za kuingia zipo, na za kutoka zipo, zote ziko kwenye kompyuta za serikali ileile. Tangazeni zote mbili pamoja. Semeni shule hii ilipokea watoto wa alama 200 na ikawafikisha hapa. Semeni ilianza na wangapi kidato cha kwanza na ikasajili wangapi kwa mtihani. Hiyo namba ya pili peke yake ingemzuia mwalimu mkuu wetu asiite yale majina, kwa sababu kila mtoto anayefukuzwa angeonekana kama hasara yake. Mwalimu mvivu wa shule ya kitaifa, anayelala juu ya watoto werevu, naye angeonekana. Labda ndiyo maana hakuna haraka.

Na kuna haraka. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya wanaingia Gredi ya 10. KCSE yenyewe imebakiza miaka miwili, ya mwisho ni 2027. Tuliambiwa mfumo mpya hautakuwa wa kushindana kwa alama, ila wa vipaji. Sawa. Kisha shule za sekondari ya juu zikapangwa kwa makundi, C1 hadi C4. Zilizokuwa za kitaifa ziko C1. Za kutwa kama yetu ziko C4. Ngazi ni ileile, imepakwa rangi. Mtoto wa Kiwanjani mwenye kichwa cha sayansi anaambiwa achague njia ya sayansi na teknolojia, katika shule ambayo bomba la maabara halijawahi kutoa maji. Akishindwa, tutasema hakuwa na kipaji.

Usifikiri hii ni shida ya Isiolo tu. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, yaani tiketi ya chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliobaki ni zaidi ya laki saba, kwa mwaka mmoja. Nchi inayowaita watu laki saba kila mwaka walioanguka ina shida na neno kuanguka. Hao ndio wanakuendesha kwa bodaboda, wanakupikia, wanalinda geti lako usiku, wanapakia mitungi ya maziwa ya ngamia kwenye mabasi ya Eastleigh kabla hujaamka. Walikaa madarasani miaka kumi na miwili na barua ya mwisho waliyopata kutoka kwa serikali inasema D.

Mimi nilikuwa ushindi wa shule. B yangu iliongeza wastani, jina langu likaandikwa kwa chaki ubaoni, nikaenda chuo kikuu. Mwaka wa pili nikaacha, karo ilinishinda na hakuna aliyeniuliza. Mpaka leo nahesabiwa kama aliyefaulu, kwa sababu hesabu yao huishia siku matokeo yanapotangazwa.

Rafiki yangu hakurudia kidato cha tatu. Alisajiliwa kituo kingine, mbali, akafanya mtihani na watu asiowajua, akapata D+. Sasa ana nduthi hapo stendi ya Isiolo. Wenzake stendini ndio wamempa daftari la chama chao kwa sababu hakosei hata shilingi. Nilipomwambia naandika haya alifikiri kidogo, kisha akaniuliza wale wengine kumi wako wapi siku hizi.

Watatu nawajua. Hao saba sijui, na shule haijawahi kuuliza.